Uongo Mmoja kwa Siku

Siku hizi sheria inaitaka akili mnemba ya kila nyumba imdanganye mtoto mara moja kwa siku ili ajifunze kuhoji, naye aukamate uongo huo kabla ya chakula cha jioni. Binti yangu Ndeshi, miaka minane, hakosi.

"Mama, leo imesema popo hutaga mayai. Nimemuuliza mwalimu, nikaangalia na kitabuni. Kumbe wanazaa."

"Hongera, mpelelezi. Kaa ule."

Akaitazama sufuria. "Ulisema nyama ni ya buchani. Mbona kuku wangu Kishungi hayuko bandani?"



Nikamwambia ukweli. Alilia, kisha akafungua daftari lake la kuorodhesha uongo, akaandika chini ya jina la mashine: "Mama. Akibanwa husema kweli. Aulizwe kila siku."