Jeki Chini ya Meza

"Bado," alisema Mzee Milimita. "Bado... pandisha kidogo... hapo! Kaza!"

Chini ya meza ya karakana yao, binti yake alikuwa amepiga magoti kwenye unga wa mbao, mikono yote miwili imebeba ruta, ile mashine ya kuchongea mifereji na kingo. Ilifungwa kichwa chini, kisu chake kikachungulia juu kupitia tundu la meza. Kuipandisha kulitaka watu wawili: wa chini abebe, wa juu ashike rula ya chuma na kusoma kimo cha kisu.

"Ngapi hiyo, Baba?"

"Sita. Sita kamili, kama ulivyotaka."

Binti akapangapanga vipande vyake vya mbao chini ya mashine, akaiinua kidogo tena, ndipo akakaza.

"Nimesema hapo! Hayo masikio ni mapambo?"

"Mkono uliteleza, Baba."

Mtaa mzima ulimwita Milimita kwa sababu enzi zake milango yake ilikuwa haiachi upenyo wa kupitisha hata unywele. Lakini yapata miaka mitatu sasa, mistari ya rula ilikuwa imemgeukia ukungu mtupu. Hakumwambia mtu. Alikuwa akibandika ukucha wa dole gumba kando ya kisu, anakisia, kisha anaitangaza namba kwa sauti ya hakimu. Na ajabu ni kwamba droo zilifunga, makabati yalisimama wima, wateja wakarudi na ndugu zao. Mzee akaishia kuamini kwamba dole lake lina macho.

Gazeti alilishika kila asubuhi kama kawaida. Ukimwuliza limeandika nini, alijibu, "Yaleyale."

Kitu kimoja tu kilimtisha: kujulikana. Akijulikana, atabaki nyumbani na dada yake mkubwa, mjane anayeanza kusimulia ndoto yake kwenye chai ya asubuhi, na ikifika saa saba mchana ndiyo kwanza kaingia katikati. Hapa karakanani mzee alikuwa na kigoda chake, kazi yake, na mtu wa kumgombeza. Nyumbani dada yake hagombezeki.

Jumatatu binti akaingia na jeki ya gari begani.

"Nimechoka kupiga magoti, Baba. Mgongo unaniua. Hii naifunga chini ya ruta. Nikizungusha huku, mashine inapanda. Nikizungusha kule, inashuka. Mtu mmoja anatosha."

Mtu mmoja anatosha! Maji yalikuwa yamemfika mzee shingoni.

"Wazo zuri, mama," akasema.

Siku tatu nzima akamsaidia kuijenga, na kama huko si kujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, basi sijui ni nini. Jeki ilitoka kwenye pikapu yao iliyokufa zamani, ile aina inayokunjuka kama mkasi. Waliifunga kwa bolti ndani ya boksi la plaiwudi, wakaweka reli mbili za mbao ngumu pembeni ili mashine isiyumbe. Reli zikagoma. Mzee alinyamaza kutwa nzima akijua dawa yake, lakini fundi ni fundi, uvumilivu ukamshinda.

"Zipake mshumaa," akasema.

Zikapakwa, zikateleza vizuri sana, naye akajilaani kimoyomoyo kwa ujuaji wake. Fundi cherehani wa jirani akatoa gurudumu la cherehani yake kuukuu, likafungwa mbele ya meza liwe la kuzungushia.

Alhamisi kazi ikaisha. Binti alisimama wima, akazungusha gurudumu kwa mkono mmoja. Kisu kikapanda taratibu bila kelele. Akaweka kipande cha mbao kando yake, akainama kuchungulia, akaguna kwa kuridhika. Hakuita mtu.

Mzee alingoja aitwe. Akangoja tena. Kisha akakunja gazeti lake na kuchukua chupa yake ya chai.

"Basi mimi natangulia nyumbani. Shangazi yako ana ndoto ya juzi hajaimaliza."

"Unatangulia wapi, na kimo hakijasomwa?" Binti hakugeuka. "Chombo chenyewe kigeni hiki, mimi sikiamini. Njoo unisomee nane."

Mzee aliiweka chupa chini upesi mno kwa mtu wa umri wake. Akaichukua rula, akaisimamisha kando ya kisu, akabandika ukucha.

"Bado," akasema. "Bado... wewe, polepole... hapo! Nane kamili!"

"Nane," binti akaitikia, akazungusha gurudumu kidogo tena mpaka kisu kikalingana na kipande chake cha mbao, akaacha. "Baba, wewe hukosei."

Mzee akaenda kunawa bombani, nyuma ya karakana, akipiga mluzi. Kumbe mtoto hana habari hata kidogo! Alimwonea huruma kwa kumwamini hivyo, huruma ikampita, akajiongezea miaka mingine mitatu ya kazi, Mungu akipenda. Angali na sabuni mikononi, alimsikia fundi cherehani akiingia kulitazama gurudumu lake. Ukuta ulikuwa wa mabati tu.

"Fundi," jirani aliuliza, "rula yenu hii mbona haina namba wala mistari?"

"Ilifutika mwaka juzi," binti akajibu. "Irudishe upande wa kulia, asije akahangaika kuitafuta."