Sketi ya Wakubwa

Binti wa fundi alikuja tena na gauni la watoto.

Mwalimu wa nidhamu alimwona tangu mbali, akashusha pumzi. Nusu ya sare za shule ile zilitoka kwenye cherehani ya mama wa binti huyo. Asubuhi nzima wenzake walikuwa wakipita getini na marinda yaliyonyooka, kazi ya mikono ya mama huyo huyo, na binti yake wa kumzaa, darasa la sita, kavaa gauni la bluu lenye kamba mgongoni. Makubwa haya!

Sheria ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi nyeusi. Darasa la kwanza hadi la nne, gauni la bluu. La tano kwenda juu, shati jeupe na sketi ndefu ya kijivu. Mwalimu huyu ndiye aliyeipigania, na rula ya mbao haikumtoka mkononi. Wanafunzi walimwita Mama Rula. Alijua, na wala hakujali.

"Wewe! Njoo hapa. Sketi iko wapi?"

"Mama hajashona, mwalimu."

"Mama yako anashonea mtaa mzima!"

Binti akatazama viatu vyake. Pindo la gauni lilikuwa limeshushwa na kushushwa tena, mistari ya zamani bado inaonekana kitambaani, na kwapani mshono umeanza kuachia. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanamcheka waziwazi. Akapewa adhabu ya kufagia uwanja, akaenda kufagia bila hata kununa. Hilo ndilo lililomkera mwalimu kuliko yote.

"Na dada yako je?" alimfuata kule kule uwanjani. "Alivaa sketi yake safi, hata muhula haujaisha, huyo, kaacha shule. Kwenu mna nini na shule?"

Binti aliendelea kufagia.

Baba ndiye kabisa. Dereva wa lori, mtu wa safari, leo yuko huku, kesho kule. Siku ya kikao cha wazazi alikwenda kuketi darasa la tatu akimsubiri mwalimu wa binti yake, wazazi wenzake wakacheka mpaka machozi. Mama naye, kila akiguswa habari ya sketi, jibu lake lilikuwa moja: "Mpe adhabu tu, mwalimu wangu. Mpe, hatakasirika."

Mama gani huyu? Mwalimu alikuwa akirudi nyumbani na hasira zake. Aliona kabisa kwamba yeye anamhurumia yule mtoto kuliko aliyemzaa.

Basi akafanya ujanja. Jioni moja akapita kwa fundi, akaagiza sketi ya kijivu.

"Ya nani?" fundi aliuliza, miguu haijaacha kukanyaga cherehani.

"Ya mtoto wa dada yangu. Mwembamba, mrefu mrefu. Kimo chake hakipishani sana na cha binti yako."

"Nitamwachia pindo kubwa kwa ndani," fundi alisema akitabasamu. "Aivae mpaka amalize shule."

Sketi ilitoka nzuri, huwezi kuitia doa. Ijumaa, kengele ya mwisho ikikaribia, mwalimu akamwita binti ofisini, akamvalisha kwa mikono yake, na shati jeupe juu. Mtoto akabadilika pale pale, akawa msichana. Mwalimu alitaka kulia kwa furaha.

"Umejiona? Binti mzima!"

"Mwalimu," binti alisema polepole, "naomba niivue nikienda nyumbani. Nitakuwa naivalia hapa hapa shuleni."

"Thubutu! Utatembea nayo mpaka kwenu, wakuone. Baba yako yupo wiki hii?"

"Yupo."

"Vizuri sana. Na yeye akuone."

Ili asije akarudia yale yale, mwalimu alichukua mkasi, akalikata lile gauni vipande vipande, vikawa vitambaa vya kufutia ubao. Binti aliutazama mkasi mpaka ulipomaliza kazi yake. Kisha akasema asante, maana alikuwa amelelewa vizuri, akatoka.

Jumatatu hakuonekana. Aliyekuja getini ni fundi mwenyewe, macho mekundu, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Mwalimu akajiweka sawa kupokea shukrani.

"Mwalimu, nimekuja kuomba lile gauni," fundi alisema.

"Gauni la nini tena, mama? Si sketi anayo?"

"Si lake yeye. La mdogo wake, yule wa darasa la nne. Naye anarefuka, na lile lilikuwa bado na pindo kidogo la kushusha."

Mwalimu alikificha nyuma kile kitambaa cha ubao alichokuwa amekishika. "Na binti mwenyewe yuko wapi leo?"

"Kwa shangazi yake, kwenye kazi za ndani, huko huko alikopelekwa dada yake." Fundi aliitazama rula, hakumtazama mwenye rula. "Baba yao hajui mtoto yupi yuko darasa gani, mwalimu. Alimwahidi shangazi mtu: 'Siku nitakayomwona na sketi ya wakubwa, ujue amekua, njoo umchukue.' Ijumaa aliingia nayo mlangoni, na mshono niliutambua, ni wangu."