Nani Anamjua Sinakwetu?

"Anayemjua huyu Sinakwetu aseme sasa hivi," Skanda aliandika. "Asipopatikana mtu, namtoa."

Mzee Shebwana alikuwa amekaa jikoni kwake, Richfield, pembeni mwa jiji la Minneapolis, uji umepoa mbele yake. Aliyasoma maneno hayo, akayarudia. Ndege ilipita juu ya paa ikielekea uwanjani, vikombe vikatikisika kabatini.

Kundi hilo la mtandaoni liliitwa Wana wa Chula. Walikuwemo Wabajuni wa kile kisiwa kidogo cha kusini mwa Somalia, waliotawanywa na vita: wengine Ohio, wengine Uingereza, wengine Mombasa. Hakuna aliyeona namba ya mwenzake, majina tu, na jina kila mtu alijichagulia. Walisalimiana, wakaulizana wamepika nini na nani kaoza binti. Halafu ugomvi ule ule ukaanza: sisi ni Wasomali au si Wasomali?

Mzee Shebwana hakuuingilia. Msikitini Minneapolis, Wasomali wenzake walimuuliza ukoo wake kwa Kisomali, na alipojibu kwa Kiswahili walimtazama kama mtu aliyekosea mlango. Zamani jambo hilo lilimchoma. Tangu mkewe, Bi Esha, afariki hospitalini majira ya baridi yaliyopita, hakuna kilichomchoma tena. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Alichobaki nacho ni kusimulia. Alituma kundini ujumbe wa sauti: kisima chenye maji ya chumvi, harusi ya dada yake, siku bunduki zilipofika kisiwani. Wengi walimrudishia picha ya mikono ya dua, basi. Sinakwetu peke yake ndiye aliyeuliza. Mlilala wapi siku ya kwanza? Bibi alibebwa na nani? Aliandika tu, sauti yake hakuna aliyewahi kuisikia, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

Mchana huo alikuwa ameuliza jingine.

"Wazee, naomba msaada. Kuna mtu alikuwa ana-translate hospitali kwa wazazi wake. Daktari alisema mama hatafika asubuhi. Yeye akamwambia baba, mama anaendelea vizuri, nenda nyumbani ulale. Baba akaenda. Je, ni dhambi?"

Wakamshukia. Mmoja alisema mtoto huyo kamnyima babake kuagana na mkewe. Mwingine aliandika astaghfirullah, uongo juu ya kitanda cha mauti! Ndipo Skanda, mwenye kundi, alipoingia.

"Kwanza wewe ni wa nani? Babu yako nani? Mbajuni gani asiyejua kuandika lugha ya mamake? Hata Usomali huna. Umekuja kuchimba habari za watu." Na baada ya hapo akatoa lile onyo lake.



Mlango wa nje ukafunguliwa. Batuli, binti yake Mzee Shebwana, aliingia na baridi ya nje, bado amevaa sare ya kazini. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja huko Lakeville.

"Umekula, Baba?"

"Nimekula."

Aliutazama ule uji. "Okay. I'm gonna lie down."

"Haya."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, asubuhi na jioni, tangu mazishi. Batuli akaingia chumbani kwake, mlango ukafungwa polepole.

Mzee akabonyeza alama ya kipaza sauti.

"Skanda, mwache. Mimi namjua babake."

Jibu lilikuja pale pale. "Mzee Shebwana, unamjua kweli, au unamhurumia tu?"

"Namjua. Tulitoka Chula pamoja. Mtu mkaidi, mgumu wa maneno. Lakini ni wetu, na mtoto wake ni wetu. Ukimtoa, nitoe na mimi."

Hakuna aliyetaka kumpoteza mzee yule. Ndiye aliyewakumbukia mama zao wakati wenyewe walikuwa wameanza kuwasahau. Mwishowe Skanda akaandika: "Basi, kwa heshima yako."

Angeweza kuishia hapo. Aliutazama mlango wa Batuli. Akangoja ndege nyingine ipite. Akabonyeza tena.

"Sinakwetu, mwanangu. Mwambie huyo mtu hivi. Babake hakujua Kiingereza, lakini alimwona daktari usoni, na uso wa daktari hauhitaji mkalimani. Alijua. Alikubali kuambiwa akalale kwa sababu hakuweza kusimama pale akitazama. Mzigo akamwachia mtoto. Kama kuna wa kuomba radhi hapo, si mtoto."

Akatuma, akailaza simu juu ya meza.

Kisha, nyuma ya mlango wa Batuli, Mzee Shebwana akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Sinakwetu, mwanangu," ikaenda mpaka mwisho, ikaanza upya. Kama alivyofanya kila ujumbe wake uliposikika chumbani humo, alikaa asijongeze hata kiti, mpaka binti yake alipomaliza kusikiliza.