Kilo Hamsini na Mbili

Nyundo alilipiga gunia la mazoezi mpaka damu ikapenya vitambaa alivyofunga mikononi. Kila ngumi ilitoka na neno lake.

“Mkwe. Mkwe. Mkwe.”

“Mkwe ni mtu wa heshima,” Kocha alisema, akilishikilia gunia lisiyumbe. “Wenzako wanampelekea mkwe zawadi, wewe unataka kumpelekea jeneza.”

“Yeye ndiye aliyeanza.”

Ilikuwa kweli, na pengo la meno mawili lilikuwa ushahidi. Miezi minne nyuma, Nyundo alipanda mpaka ghorofa ya nne ya jengo linalotazamana na kibanda chake cha kushonea viatu, akagonga mlango, akasema, “Nimekuja kumchukua mtu wangu.”

Mkwe, mwenye shingo nene kama kigogo, alicheka. “Wako? Huyu ni wangu. Hatoki humu.”

Nyuma yake mwanamke alikuwa amelala sakafuni, mguu umevimba, hawezi kusimama. Nyundo alipenya, akamnyanyua, akafika naye ngazi ya tatu tu. Magoti yakamwishia nguvu, wakaanguka wote wawili. Mkwe alimburuta mwanamke kwa nywele akamrudisha ndani, kisha akashuka kumalizana na Nyundo kwa teke la mdomo.

“Rudi tena,” alisema, “nikuzike.”

Polisi walikuja, wakaambiwa ni ugomvi wa kifamilia, wakaondoka. Tangu hapo kilio kilivuka barabara karibu kila wiki. Kikija, kule kibandani soli iligongwa mpaka misumari ikatokea upande wa pili.

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa gereji ya zamani inayonuka jasho na chuma. Siku ya kwanza vijana walimcheka Nyundo. Sasa walimpisha.

“Shikamoo, Nyundo!” alisema mmoja mwenye kifua kama kabati, na wenzake wakaangua kicheko.

“Marahaba. Punguza mdomo, ongeza vyuma.”

Kocha alikoroga kijiko kimoja cha unga mweupe kwenye chupa ya maji. Ilikuwa kriatini, ya kuipa misuli nguvu.

“Tia na cha pili,” Nyundo alisema. “Sina muda.”

“Huu si unga wa uji. Gramu tano kwa siku, basi. Misuli ikishajaa, kinachozidi unakikojoa. Muulize Kabati hapo. Alibugia vijiko vinne kwa mkupuo, akashinda chooni kutwa nzima.”

“Nilitaka mapaja yajengeke haraka!” Kabati alijitetea.

“Yamejengeka, kwa kukimbilia choo.”

Kocha hakuwa ametoa hata chembe kabla ya majibu ya kipimo cha figo. Daktari alisoma kadi, akamtazama Nyundo usoni, akaisoma tena. “Figo ziko salama,” alisema mwishowe. “Kunywa maji ya kutosha, fanya mazoezi mbele ya mtu anayejua kazi, na ukipimwa damu siku nyingine useme unatumia kitu hiki.”

“Na usidhani unga utakubebea mzigo,” Kocha aliongeza alipopokea majibu. “Mbebaji ni wewe.”

Nyundo alikunywa chupa yote, akaacha gunia la ngumi, akaufuata mfuko wa mchanga. Aliomba mwenyewe upimwe kwenye mizani: kilo hamsini na mbili, zisipungue wala zisizidi. Akachuchumaa, mgongo wima, akaubeba begani, akaanza kupanda na kushuka ngazi za nyuma. Mwezi wa kwanza aliishia ngazi ya tano. Mwezi huu alikuwa ameacha kuzihesabu.

Jumanne, saa saba mchana, kilio kilivuka barabara kikakatika katikati.

Kukatika huko ndiko kulikomwinua Nyundo. Alishika ile nyundo iliyompa jina, akapanda ghorofa nne bila kupumzika. Mlango ulichukua mapigo matatu, kitasa kikaruka.

Mkwe alikuwa amezungusha mkanda kwenye ngumi, chuma chake kikining’inia. “Umefuata meno yaliyobaki?”

Pigo la kwanza la mkanda lilimchana Nyundo shavu. La pili likatua mbavuni, kitu kikalia ndani kama kijiti kinachovunjwa. Kocha alikuwa amefundisha kuinamisha kichwa na kusogea mbele, na Nyundo akasogea. Mkwe alitazamia nyundo ije usoni, akainua mikono yote miwili kujikinga.

Lakini mshona viatu humtazama mtu kuanzia chini. Nyundo ilishuka kwenye kidole gumba cha mguu usio na kiatu, na Mkwe akaanguka akibweka kama mbwa aliyekanyagwa na gari.

Mwanamke alikuwa chini ya meza, jicho moja limeziba, mguu umepinda. Nyundo akachuchumaa, mgongo wima, akambeba begani. Uzito ulikuwa uleule wa mfuko wa mchanga.

Ngazi ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu magoti yalitetemeka, kisha yakashika. Huko juu Mkwe alitambaa mpaka mlangoni akatupa chupa. Ikapasukia ukutani, vigae vikawamwagikia kichwani.

“Nishushe,” mwanamke alinong’ona, damu yake ikidondokea aproni ya ngozi. “Utakufa hapa. Nishushe, Mama, una miaka sitini na moja!”

“Nilikubeba tumboni mpaka ukazaliwa na kilo tatu na nusu,” Nyundo alisema, akiipapasa ngazi inayofuata kwa ncha ya kiatu. “Mbona hukulalamika?”