Pembe za Ndani

Haya, njooni msikie upesi upesi. Mtoto wa Mama Pelele, yule mnyama mdogo kama sungura, aligoma kunyonya siku mbili, akawa analia tu, mama akambeba mbio hadi kwa Jogoo, mganga asiyekosea.

“Ameota pembe,” Jogoo akasema kabla hata hajamtazama. “Tuzing'oe sasa hivi, la sivyo atakufa.”

“Pembe? Lakini sisi mapelele hatuna pembe, mganga!”

“Ndiyo maana ni za ndani.”

Akaanza kunoa mdomo kwenye jiwe. Mama Pelele akamgeukia Nungunungu, mkunga mzee aliyekuwa kwenye foleni.

“Bibi, na wewe wasemaje?”

“Sijui, mwanangu.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mkunga mzima, hajui!

“Sijui,” akarudia, “ndiyo maana nataka kumtazama.”

Akamfungua mtoto kinywa, na kumbe juu kwenye kaakaa lilikuwa limenata ganda la mtama. Akalibandua kwa ukucha.

“Mnaona?” Jogoo akapiga mbawa. “Pembe hiyo! Tena bado changa!”

Foleni ikampigia makofi. Mama Pelele hata hakuyasikia. Mtoto alikuwa ananyonya.