Jina la Osea

Askari alikishika kile kitambaa cha ukutani kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota nyoka. "Haya maandishi ya Wajerumani," alisema, "na vita nao vimeanza."

Ferista alijibana mlangoni. Jana tu mwalimu wa Isansa alichukuliwa akiwa amefungwa kamba, kisa barua moja ya Kijerumani.

"Ni jina tu, bwana askari. Mama wa misheni alinifundisha herufi hizo za kizamani za kwao kabla serikali haijamwondoa. Sijui nyingine."

Askari alimtupia kitambaa. "Fumua. Hapa hapa, nikiona."

Ferista aliketi. Kila herufi alikuwa ameijenga kwa misalaba midogo ya uzi mwekundu, na kila msalaba akiuhesabia nyuzi za kitambaa, mbili juu, mbili pembeni, kwa miezi miwili mizima. Aliingiza sindano chini ya msalaba wa kwanza, akavuta. Uzi ukakatika. Herufi ikabaki na kipengo cheupe, kidogo kama punje ya ulezi.

Mkono ukamgomea.

"Unangoja nini wewe?"

"Osea ni mwanangu," alisema. "Tulimzika wakati wa kuvuna mahindi. Kaburini hatukuandika kitu. Jina lake liko hapa tu."

Askari alianza kumsogelea, viatu vikikwaruza sakafu ya udongo.

Ferista hakuinua macho. Alitunga uzi mpya, akaanza kukiziba kile kipengo.