Sambusa Arobaini na Vipande Ishirini

Mwalimu Evance alichora mstari wa mkaa katikati ya ua, akasimama juu yake kama refa wa ndondi.

“Atakayevuka, hali,” alisema.

Upande wa ukutani alikaa Luqmani na watu wake, waliotoka Bunda asubuhi. Upande wa mlangoni alikaa mdogo wake Hashimu na wa kwake, wa hapa hapa Musoma. Salamu zilikuwa zimepitia kwa watoto.

Ugomvi wenyewe, wala usicheke, ulikuwa wa kichwa cha sangara. Idi ya mwaka juzi Hashimu aliwekewa kichwa, Luqmani akawekewa mkia, na kila mmoja akaapa kuwa mwenzake ndiye aliyependelewa. Tangu siku hiyo seremala akabaki na mbao zake Bunda, muuza sufuria akabaki na sufuria zake Musoma, na mama yao, Bi Mwanaupe, akabaki na sinia kubwa isiyo na walaji.

Leo wamekubali kuja kwa sharti moja: kila sahani ifanane na mwenzake, kisikatwe kitu, kisibaki kitu. Bi Mwanaupe alichotaka ni kuona mikono ya wanawe ikigongana tena kwenye chombo kimoja. Lakini mwenye njaa hachagui mboga. Akamwita mpangaji wake, huyu Mwalimu wa Butiama, ambaye hata chai hakorogi bila hesabu.

“Swali,” Mwalimu alianza. “Tutapata sahani ngapi, nyingi kabisa, zinazofanana? Taarifa ya kwanza: sambusa ni arobaini. Hiyo peke yake inatosha kujibu?”

“Inatosha!” Hashimu alidakia.

“Haitoshi. Samaki je?”

“Huyo alikuwaga hivyo hivyo tangu darasa la pili,” Luqmani aliuambia ukuta.

“Taarifa ya pili: vipande vya sangara ni ishirini. Hiyo peke yake?”

“Haitoshi, hata kuku anajua,” Hashimu alijibu.

“Na zote mbili pamoja?”

“Zinatosha,” alisema Bi Mwanaupe. “Ni kama kitendawili, baba. Ukitegewa nusu, utaishia kutoa mji bure.”

Mwalimu alifurahi, nusura amkumbatie. Kigawo kikubwa cha shirika, alisema, ni ishirini. Sahani ishirini, kila moja sambusa mbili na kipande kimoja. Kila mtu na yake, hakuna kugusana.

“Ila nawaonya,” aliinua kidole. “Ikipungua sambusa moja tu, zikabaki thelathini na tisa, kigawo kinaporomoka mpaka moja. Sinia moja, watu wote!”

“Mungu apishe mbali!” alisema Hashimu.

“Heri nile na mbuzi,” alisema Luqmani.

Chakula kikafunikwa jikoni, Mwalimu akawekwa mlangoni kulinda, na kwa kuwa joto la mchana lilikuwa kali, akalinda macho yamefumbwa. Bi Mwanaupe alikuwa akipanga sahani uani. Alimwona Luqmani akiingia jikoni kukagua bawaba ya dirisha, kwa maana seremala hatulii. Baadaye kidogo alimwona Hashimu akiingia kutafuta maji ya kunywa, na mtungi umejaa hapo uani. Bi Mwanaupe aliguna tu. Wanaona vibaya hata kunywa mtungi mmoja, alijiambia, na roho ikamuuma.

Walipokwisha kuswali, Mwalimu alifunua kawa, akahesabu. Akahesabu tena. Akatoka jikoni uso umempauka.

“Thelathini na nane.”

Watoto wakaanza kuhesabu vidole.

“Kigawo kikubwa cha thelathini na nane na ishirini ni mbili,” Mwalimu alisema. “Sahani hazifai tena. Ni sinia mbili. Moja huku, moja kule.”

Bi Mwanaupe alileta sinia mbili, miguu mizito. Hayo ndiyo waliyoyataka wanawe: kila nyumba na chake, mstari katikati. Alitegemea watashangilia. Lakini Luqmani alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyefiwa, na Hashimu anavuta kamasi.

“Kuna mwizi humu,” Mwalimu alifoka, “na ni mwizi mjinga! Nilisema moja, moja! Angeishia moja, saa hii mngekuwa mnakula sinia moja!”

Luqmani akajipiga kofi la paji la uso.

“Lakini mimi nimekula moja tu!”

Hashimu akamkodolea macho kaka yake, mdomo wazi, na chembe ya kitunguu kwenye jino.

“Kaka,” alisema, “na mimi nilikula moja tu.”

Bi Mwanaupe alinyoosha mkono, akachukua sambusa iliyonona kuliko zote, akaibugia nzima.

“Thelathini na saba,” Mwalimu alisema, na kuirudisha sinia moja kabatini.